Kasha la kompyuta linang'aa: nani analipia mapambo?

Na Mwandishi Wetu

KIZURI chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo inafaa sana kwa soko la vifaa vya kompyuta, ambako kwa miaka mingi makasha yamechorwa madubwana, roboti, wanawake waliovaa mavazi ya vita yasiyofunika mwili, na namba kubwa zenye alama za mshangao. Ndani ya kasha mteja hukuta programu ambazo hakuziomba. Akiwasha kompyuta yenyewe, kioo kimejaa matangazo kama ukuta wa stendi ya mabasi wakati wa uchaguzi.

Wengi huliona suala hili kuwa la ladha tu. Husema kwamba wahandisi hawajui kuchora, au kwamba vijana wanaopenda michezo ya kompyuta ndio wanaotaka mambo hayo. Ukurasa huu unaliangalia kwa jicho la biashara. Mapambo hayo yana gharama, na gharama hiyo ina mlipaji. Mfanyabiashara au mwekezaji mdogo anayemjua mlipaji anaweza kulisoma kasha kama anavyosoma mahesabu ya kampuni. Asiyemjua, mara nyingi mlipaji huwa ni yeye.

CHIPU MOJA, MAKASHA KUMI

Tuanze na kadi ya picha, kifaa kinachochomekwa ndani ya kompyuta ili kuchora picha kwenye kioo, hasa picha za michezo. Hapa ndipo makasha yalipofikia kilele cha makelele, na sababu yake ni ya kiuchumi.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 chipu za kadi hizo zimetoka kwa kampuni chache mno. Kubwa mbili zilikuwa NVIDIA na ATI, na ATI ilinunuliwa na AMD mwaka 2006. Kampuni hizo huuza chipu kwa watengenezaji wa kadi, kama ASUS, MSI, Gigabyte, Sapphire na PowerColor. Kila mmoja huunda kadi, huipa jina lake na kuipeleka sokoni. Lakini chipu ni ileile, na mara nyingi hata mchoro wa kadi ni uleule uliotolewa na mwenye chipu.

Sasa jiweke katika nafasi ya mtengenezaji huyo. Una washindani kumi wanaouza kitu kilekile kwa bei ileile, na tofauti ya faida ni ndogo. Utajitofautishaje? Unaweza kubadilisha feni, kuongeza muda wa waranti, au kushusha bei. Yote matatu yanakula faida moja kwa moja. Njia ya nne ni kubadilisha kasha, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote, kwani gharama ya wino na karatasi ni ndogo ukilinganisha na feni bora.

Kuna sababu ya pili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 NVIDIA ilijiwekea mwendo wa kutoa bidhaa mpya karibu kila miezi sita. Mtengenezaji wa kadi hakuweza kuchapa kasha jipya kwa kila toleo bila kubaki na rundo la makasha yaliyopitwa na wakati. Ikawa kawaida kuchapa kasha moja lenye dubwana au shujaa, kisha kubandika stika ndogo yenye jina la kadi iliyomo. Ndiyo maana picha nyingi hazikuwa na uhusiano wowote na bidhaa. Dubwana lilelile liliweza kupamba kadi ya bei ya chini na ya bei ya juu, na tofauti ikawa stika isiyozidi upana wa vidole viwili.

Wenye chipu nao walichangia. NVIDIA ilipoleta GeForce FX mwaka 2003, iliandamana na picha za kike za kijini chenye mbawa kilichoitwa Dawn. ATI ikajibu mwaka 2004 kwa mwanamke shujaa aliyeitwa Ruby. Wahusika hao walitengenezwa kuonyesha uwezo wa chipu, lakini walitumika zaidi kama mabango. Kwa upande wa GeForce FX 5800 Ultra, kijini hakikusaidia: feni yake ilipiga kelele kiasi kwamba watu waliifananisha na mashine ya kukaushia nywele, na NVIDIA yenyewe ikatengeneza video ya kujitania.

Mwekezaji ana somo la kuchukua kwa kampuni ya 3dfx. Kampuni hiyo ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1994 iliongoza soko kwa chipu zake za Voodoo, ikiwauzia watengenezaji wengi wa kadi. Desemba 1998 ilitangaza kuinunua kampuni ya STB ili itengeneze kadi zake yenyewe. Makasha yake mapya yakawa na nyuso kubwa zenye macho ya kukodoa, yanayotambulika ukiwa mbali dukani. Lakini watengenezaji waliokuwa wateja wake sasa wakawa washindani, wakahamia kwa NVIDIA. Desemba 2000 kampuni ilikubali kuuza mali zake kuu kwa NVIDIA hiyohiyo, na mwaka 2002 ikafilisika. Kulimiliki kasha kulimgharimu mwenye chipu wateja wote waliokuwa wakimpelekea bidhaa sokoni.

NAMBA KUBWA, MAANA NDOGO

Picha huvuta macho, lakini namba ndizo zinazofungua pochi. Katika eneo hili mnunuzi asiye mtaalamu huumia zaidi, na muuzaji asiyejua huumia naye.

Mfano mzuri ni GeForce4 MX ya mwaka 2002. Mtu yeyote aliyeona namba 4 aliamini kwamba kadi hiyo ni bora kuliko GeForce3 ya mwaka 2001. Ukweli ni kwamba GeForce4 MX ilijengwa juu ya teknolojia iliyokaribiana na ya GeForce2, ikakosa uwezo muhimu ambao GeForce3 tayari ilikuwa nao. Michezo iliyotegemea uwezo huo haikuonekana kama ilivyokusudiwa. Jina lilipanda, kifaa kikashuka.

Mchezo huo haukuishia zamani. Mwaka 2018 kadi ya GeForce GT 1030 ilitolewa tena kwa jina lilelile ikiwa na kumbukumbu ya aina ya DDR4 badala ya GDDR5. Kasi ya kusafirisha data ilishuka kutoka takriban gigabaiti 48 kwa sekunde hadi takriban 16.8. Mfanyabiashara aliyeagiza mzigo kwa kutazama jina peke yake aliweza kupata kadi yenye theluthi moja ya kasi aliyoitarajia, na tofauti ilikuwa herufi chache pembeni mwa kasha.

Diski kuu zina hesabu yake. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu 1,073,741,824 na bado huita jina hilohilo. Matokeo yake, diski iliyoandikwa GB 80 kwenye kasha huonyesha takriban GB 74.5 kwenye kioo, ya GB 500 huonyesha karibu 466, na ya TB 1 huonyesha karibu GB 931. Hakuna kilichoibwa, lakini mteja hujiona ameibiwa. Nchini Marekani suala hilo lilifika mahakamani. Western Digital ilifikia suluhu mwaka 2006 kwa kuwapa wanunuzi programu ya bure ya kuhifadhi nakala za mafaili. Seagate mwaka 2007 ilitoa marejesho ya asilimia 5 ya bei, au programu ya aina hiyo. Msomaji aone kwamba hata fidia ya namba iliyo kwenye kasha ilikuwa programu nyingine ya nyongeza.

Vioo vya zamani vya mgongo mnene navyo vilikuwa hivyohivyo. Kioo cha inchi 17 kilipimwa pamoja na sehemu iliyofichwa na plastiki, na eneo la kuonekana likawa karibu inchi 16. Kesi za miaka ya 1990 nchini Marekani ndizo zilizowalazimisha wauzaji kuandika kipimo cha eneo linaloonekana.

Kwetu Afrika Mashariki namba iliyotamba zaidi ni ile ya spika za kompyuta na redio: wati 1,000 au hata zaidi za PMPO, kwenye spika ndogo zinazotosha viganjani na kutumia umeme kidogo. PMPO haina kipimo kimoja kinachokubalika kimataifa. Kila kiwanda hujipimia kinavyopenda. Namba yenye maana ni ile ya wati za RMS, ambayo kwa kawaida huandikwa kwa maandishi madogo, au haiandikwi kabisa. Njia rahisi ni kutazama adapta ya umeme. Spika haiwezi kuendelea kutoa nguvu kubwa kuliko ile inayoingia.

Udanganyifu wa wazi zaidi ni flashi bandia zinazojitangaza kuwa na TB 2 kwa bei ya chakula cha mchana. Chipu ndani yake imechezewa ili ionyeshe ukubwa usiokuwepo. Mafaili yanapozidi uwezo halisi, hupotea kimyakimya. Kwa bidhaa hizi kasha halisaidii, kwani linaigwa pia. Muuzaji anayejali jina lake hujaza flashi moja ya mfano hadi mwisho, kisha huyafungua mafaili yote kabla ya kuagiza mzigo.

PROGRAMU ZA BURE HUUZWA KWA NANI?

Sasa tuingie ndani ya kasha. Mnunuzi wa laptopu mpya hukuta programu ya kuua virusi ya siku 30 au 60, michezo ya majaribio, vifungo vya kununua wino, na programu za mtengenezaji zinazojirudia kazi zilizokwisha kuwemo katika Windows. Wengi hudhani ni zawadi. Kwa kweli mnunuzi ndiye bidhaa, na mtengenezaji wa kompyuta ndiye dalali.

Utaratibu wake ni huu. Kampuni ya programu inajua kwamba watu wengi hutumia kile wanachokikuta. Inamlipa mtengenezaji wa kompyuta ili programu yake iwekwe kiwandani, au inampa sehemu ya fedha kila mteja anapolipia baada ya majaribio kwisha. Kwa mtengenezaji, ambaye faida yake kwa kila mashine ni ndogo, malipo hayo yanaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya faida na hasara. Bei ya dukani inashuka kidogo, na mashine inajazwa.

Thamani ya nafasi hiyo kwenye kioo ilionekana mapema. Machi 1996 kampuni ya AOL, iliyokuwa ikiuza huduma ya intaneti nchini Marekani, ilikubaliana na Microsoft. AOL ikakubali kutumia programu ya Internet Explorer, na Microsoft ikaiwekea AOL nafasi ndani ya Windows, ingawa Microsoft ilikuwa na huduma yake iliyoshindana na AOL. Nafasi ndogo kwenye kioo ilitosha kubadilisha mwelekeo wa ushindani mzima.

Nani mwenye haki ya kuuza nafasi hiyo? Swali hilo lilikuwa sehemu ya kesi ambayo Serikali ya Marekani iliifungua dhidi ya Microsoft mwaka 1998. Microsoft iliwabana watengenezaji wasiondoe alama zake wala kubadilisha mpangilio wa kuanza. Juni 2001 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba masharti kadhaa kati ya hayo yalikiuka sheria, na mwezi uliofuata Microsoft ikayalegeza. Ushindani ulipata nafuu. Lakini kwa mnunuzi wa kawaida matokeo mengine yalikuwa kwamba mtengenezaji naye alipata uhuru mkubwa zaidi wa kukodisha kioo kwa anayelipa.

Tukio lililofichua uchumi huo waziwazi lilitokea Machi 2008. Sony iliwapa wanunuzi wa baadhi ya laptopu za Vaio nafasi ya kupata mashine isiyo na programu za ziada, kwa kulipa dola 50 zaidi. Wateja walikuja juu, na baada ya muda mfupi Sony ikaondoa ada hiyo. Lakini kwa siku hizo chache takataka zilikuwa zimewekewa bei hadharani: mteja alitakiwa kulipa ili asiwekewe.

Mara nyingine kiambatisho ni ahadi tupu. Mwaka 2003 ATI iliuza baadhi ya kadi zake za Radeon zikiwa na kuponi ya mchezo wa Half-Life 2, uliotarajiwa kutoka Septemba mwaka huo. Mchezo ulitoka Novemba 2004. Mteja alilipia kadi leo kwa sababu ya mchezo wa kesho, na mchezo ulipofika kadi ilikwisha kupitwa na matoleo mapya.

MZIGO UNAMWANGUKIA MUUZAJI

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kuonyesha hesabu tu. Muuzaji ananunua laptopu kwa shilingi 900,000 na kuiuza kwa 960,000. Faida ghafi ni 60,000. Baada ya siku tatu mteja anarudi akisema mashine ni nzito na inamdai fedha kila anapoiwasha. Fundi anatumia saa mbili kuondoa programu na analipwa 20,000. Muuzaji anampoza mteja kwa kumpa mfuko na kipanya vya 15,000. Faida imebaki 25,000, kabla ya pango, kodi na riba ya benki.

Mtengenezaji alikwisha kulipwa na kampuni ya programu siku nyingi. Muuzaji wa mwisho hakupata hata senti ya malipo hayo, lakini ndiye aliyebeba lawama na gharama. Huo ndio msingi wa tatizo: mapato ya programu za nyongeza yanakwenda juu kwa mtengenezaji, na malalamiko yanashuka chini kwa mwenye duka.

Ndiyo sababu pia kompyuta za mtumba kutoka Ulaya na Dubai zilipata wapenzi wengi katika miji yetu. Nyingi huja bila kasha na bila diski za nyongeza, zimetoka maofisini, na fundi huziwekea mfumo upya. Mteja hupata mashine ya zamani lakini nyepesi. Muuzaji wa mashine mpya anashindana na wepesi huo, na kung'aa kwa kasha hakumsaidii.

PALE MAPAMBO YANAPOGEUKA HATARI

Hadi hapa tumezungumzia usumbufu. Mwaka 2015 ulionyesha kwamba hasara inaweza kuwa kubwa zaidi. Kampuni ya Lenovo ilikuwa imeweka katika baadhi ya laptopu zake, kuanzia mwaka 2014, programu iitwayo Superfish. Kazi yake ilikuwa kupenyeza matangazo ya bidhaa katika kurasa ambazo mtumiaji anazitembelea.

Ili iweze kufanya hivyo hata katika kurasa zenye ulinzi, kama za benki, programu hiyo iliweka ndani ya kompyuta cheti chake cha uaminifu, na kujifanya mtu wa kati. Ubaya ni kwamba ufunguo wa siri wa cheti hicho ulikuwa mmoja kwa mashine zote, na wataalamu waliupata kwa urahisi. Aliyekuwa nao, akikaa katika mtandao mmoja na mwenye laptopu, kwa mfano hotelini au uwanja wa ndege, angeweza kujifanya benki na kompyuta isigundue.

Februari 2015 habari hizo zilienea duniani. Idara ya Usalama wa Ndani ya Marekani ilishauri programu hiyo iondolewe. Lenovo iliomba radhi, ikatoa zana ya kuiondoa na kuahidi kupunguza programu za nyongeza. Septemba 2017 ilifikia suluhu na Tume ya Biashara ya Marekani, na pia na majimbo 32 kwa malipo ya dola milioni 3.5.

Jambo la kuwafikirisha wafanyabiashara ni kauli ya Lenovo wakati huo, kwamba mkataba huo haukuwa na uzito kifedha kwa kampuni. Tukiikubali kauli hiyo, kampuni kubwa duniani ilihatarisha imani ya wateja wake kwa mapato ambayo yenyewe iliyaona madogo. Rahisi ghali.

HISA ZA KAMPUNI YENYE STIKA

Kwa wawekezaji wadogo kisa cha kukumbuka ni cha eMachines. Kampuni hiyo iliyoanzishwa mwaka 1998 na wakubwa wa vifaa vya kompyuta wa Korea Kusini iliuza Marekani kompyuta za chini ya dola 500. Mbele ya mashine zake ilibandika stika iliyodai kwamba hazitapitwa na wakati kamwe. Maana yake ilikuwa mpango wa kubadilishiwa mashine baadaye, kwa malipo ya ziada na kwa sharti la kujiunga na huduma ya intaneti. Mashine zenyewe zilipitwa na wakati kama nyingine zote.

Mwaka 1999 ilitoa eOne, kompyuta ya rangi iliyofanana sana na iMac ya Apple. Apple ikaishitaki. Kampuni ilitarajia pia kupata mapato kutokana na matangazo na viunganishi vilivyowekwa kwenye kioo na kwenye vitufe vya kibodi. Machi 2000 hisa ziliuzwa kwa umma kwa dola 9, wakati homa ya hisa za intaneti ikiwa kileleni. Mwaka 2001 ziliondolewa katika soko la Nasdaq baada ya bei kuanguka chini ya dola 1.

Kampuni haikufa. Mwaka 2001 ilipata kiongozi mpya, Wayne Inouye, aliyetoka katika biashara ya rejareja ya maduka ya Best Buy. Alishughulikia ubora, huduma kwa wateja na mzigo wa ghalani, na kampuni ikarudi kwenye faida. Mwaka 2004 ilinunuliwa na Gateway. Mtu aliyekaa upande wa duka alijua kwamba kompyuta inayorudishwa na mteja ni hasara isiyofutwa na stika.

SI KILA RANGI NI ULAGHAI

Itakuwa si haki kusema kwamba kila kasha la rangi ni baya. Gateway yenyewe ilipata umaarufu kwa makasha yenye mabaka meusi na meupe kama ng'ombe. Wengi waliyacheka. Lakini kampuni ilianzia katika jimbo la wakulima la Iowa mwaka 1985, na familia ya mwanzilishi wake Ted Waitt ilikuwa katika biashara ya ng'ombe. Kasha lilisema ukweli kuhusu asili yake na lilitambulika kwa mbali. Hata hivyo kasha halikuilinda na ushindani wa bei, na mwaka 2007 Acer iliinunua Gateway kwa dola milioni 710.

iMac ya mwaka 1998 nayo ilikuwa na rangi ya bahari wakati kompyuta nyingi zilikuwa za rangi ya maziwa yaliyochacha. Tofauti ni kwamba rangi hiyo ilikuwa kwenye kifaa chenyewe na iliendana na umbo lake. Walioiga walichukua rangi wakaacha kazi iliyofanyika chini yake.

Hata stika si lazima iwe ya bure. Tangu mwaka 1991 Intel, kwa kampeni ya Intel Inside, ililipa sehemu ya gharama za matangazo ya watengenezaji waliokubali kuonyesha alama yake. Ukiona laptopu yenye stika nyingi, usifikiri ni urembo. Kuna uwezekano mkubwa kwamba kuna anayelipia nafasi hiyo.

USHAURI WA UKURASA HUU

Kwa mfanyabiashara, mambo matano yanafaa kuzingatiwa kabla ya kuagiza mzigo.

Kwanza, agiza kwa namba kamili ya modeli, si kwa jina la mbele ya kasha. Tofauti ya herufi mbili inaweza kuwa tofauti ya theluthi mbili za uwezo.

Pili, soma upande wa nyuma na wa chini wa kasha kabla ya ule wa mbele. Aina ya kumbukumbu, wati za RMS na masharti ya waranti hukaa huko.

Tatu, chukua mashine moja ya mfano, iwashe na hesabu programu za nyongeza. Ingiza gharama ya fundi wa kuzisafisha katika bei ya kuuzia, au dai punguzo kwa muuzaji wa jumla. Ukiuza mashine iliyosafishwa, mwambie mteja. Hilo ni tangazo bora kuliko dubwana.

Nne, mweleze mteja mapema kwa nini diski ya TB 1 huonyesha GB 931. Dakika mbili za maelezo dukani huokoa ugomvi wa nusu siku.

Tano, usiweke akiba kubwa ya bidhaa inayouzwa kwa nguvu ya kuponi au mchezo. Kuponi zina tarehe ya mwisho, na kasha lenye kuponi iliyokwisha muda huuzwa kwa bei ya hasara.

Kwa mwekezaji mdogo, swali ni moja unaposoma taarifa za mwaka za kampuni ya kompyuta: ni kiasi gani cha faida kinatoka kwa wanunuzi wa mashine, na kiasi gani kinatoka kwa wanaolipia nafasi ndani yake? Mapato ya aina ya pili si haramu, lakini hutegemea mikataba michache inayoweza kuvunjwa, sheria zinazoweza kubadilika, na uvumilivu wa mteja ambao hauandikwi katika mizania. Kampuni ambayo bila malipo hayo ingekuwa kwenye hasara haiuzi kompyuta. Inauza wateja wake, na wateja wanaweza kuondoka.